Mashine Tatu, Jabali Moja

Shemeji yangu ni mtu wa Lubumbashi. Kazaliwa Kamalondo, kakulia uvunguni mwa magari katika gereji ya baba yake, na leo anaendesha lori la masafa marefu akiwa na makazi Salt Lake City, jimbo la Utah, Marekani. Mtu wa namna hiyo humuuzii mbuzi kwenye gunia. Alipoamua kununua bagi ya kupandia majabali, marafiki walimletea vipeperushi, wakamwonyesha picha, wakabishana naye juu ya nguvu za farasi. Yeye akasema hatoi hata senti mpaka azikalie zote na kuzipeleka mahali pabaya. Mimi nilikuwa nimetoka Arusha kumtembelea dada, na kwa kuwa Arusha ni mji ambao Land Cruiser hukatwa chesisi zikarefushwa na kufunguliwa paa kwa ajili ya watalii, aliona nafaa kuwa shahidi.

"Shemeki," akaniambia, "wewe utaangalia kwa macho ya abiria. Mie nitaangalia kwa macho ya fundi. Dada yako ataangalia bei."

Bagi ninazozisema si zile za kubebea wageni hotelini. Wamarekani huziita saidi-bai-saidi kwa sababu dereva na abiria hukaa ubavu kwa ubavu. Hazina vioo, milango yake inafika kiunoni, injini iko nyuma ya viti, na juu ya vichwa vyenu kuna fremu ya mabomba ya chuma ya kuwalinda mkipinduka. Uzito wake ni kilo 650 hadi 700 na ushei, wakati Land Cruiser ya mkonga hupita tani mbili. Zamani zilikuwa mashine za shamba, za kubebea majani ya ng'ombe na nguzo za uzio. Yamaha ilipotoa Rhino mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wakagundua kwamba kitu cha shamba kinaweza kuwa kitu cha starehe. Mwaka 2007 Polaris, kampuni ya Minnesota iliyoanza kwa kutengeneza magari ya theluji, ikatoa RZR, na tangu hapo mbio zikawa za nguvu na za shokapu.

Orodha ya shemeji ilikuwa na majina matatu: Polaris RZR XP 1000, Can-Am Maverick X3 na Honda Talon 1000X. Mahali pabaya alipopachagua ni Moab.

Kutoka Salt Lake City hadi Moab ni kilomita zipatazo 380 kuelekea kusini-mashariki. Unapita Price, mji wa makaa ya mawe, unashuka hadi Green River, halafu nchi yote inageuka rangi. Udongo unakuwa mwekundu, kisha miamba inakuwa myekundu, kisha huoni tena kitu kisicho chekundu isipokuwa mbingu na theluji iliyoko juu ya milima ya La Sal. Mji wenyewe uko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, kando ya Mto Colorado, na barabara yake kuu imejaa magari yaliyofunga tela, kila tela na bagi yake.

Njiani nilimwuliza shemeji kama anajua nani alichonga njia hizi tunazokwenda kuzichezea. Alijua, tena kuliko wanaoishi pale. Njia nyingi za Moab zilikatwa na tingatinga za watafuta urani katika miaka ya 1950. Na kisa cha kutafuta urani Utah kinaanzia kwao Katanga, Kongo: sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945 ilichimbwa huko, katika mgodi wa Shinkolobwe. Baada ya vita Marekani haikutaka kuendelea kutegemea mgodi ulio mbali na chini ya Wabelgiji, ikatangaza bei nono na zawadi kwa atakayepata urani ndani ya nchi. Mwaka 1952 mjiolojia mmoja aliyekuwa hana kitu, Charlie Steen, akapiga shimo kusini-mashariki mwa Moab na kuukuta utajiri. Mgodi wake aliuita Mi Vida. Kufumba na kufumbua kijiji kikawa mji, na kila jangwa likapigwa barabara. Urani ilipopoa, barabara zikabaki.

"Njo vile," shemeji akasema. "Kwetu walitoboa mashimo, huku wakatengeneza viwanja vya michezo."

Moab unaweza kukodi bagi ya karibu kila kampuni, na hiyo ndiyo faida yake kwa mnunuzi. Muuza duka atakuruhusu kukaa kwenye kiti, kushika usukani, labda kuzunguka uwanja wa maegesho. Mkodishaji atakuachia mashine uende nayo jabalini. Mama aliyetukodisha, mtu mzima mwenye nywele nyeupe na mikono ya fundi, alitaka kwanza kuona vyeti vyetu vya somo la usalama. Tangu mwaka 2023 jimbo la Utah linamtaka kila anayeendesha chombo cha nje ya barabara apitie somo hilo kwenye intaneti. Kisha alitufundisha jambo moja tu, na alilirudia: ukianza kupinduka, usitoe mkono wala mguu nje. Watu wengi wanaoumia kwenye bagi, alisema, huumia kwa sababu walijaribu kuizuia isianguke.

Eneo tulilolichagua linaitwa Sand Flats, juu kidogo ya mji. Mna njia mbili mashuhuri pale. Moja ni Fins & Things, ambayo inapanda na kushuka juu ya migongo ya mawe. Nyingine ni Hell's Revenge, yaani Kisasi cha Jehanamu, na alama zake ni ndimi za moto zilizochorwa kwa rangi juu ya jabali. Jabali lenyewe linaitwa Navajo, na zaidi ya miaka milioni 180 iliyopita lilikuwa bahari ya vilima vya mchanga. Mchanga ukaganda ukawa jiwe, lakini umbo la vilima likabaki, ndiyo maana unapanda mwinuko usioona upande wa pili, na ukifika juu pua ya gari inaelekea mbinguni huku huna hakika kama mbele kuna njia au kuna hewa. Tairi zimechora michirizi myeusi ya mpira juu ya jiwe. Unaifuata hiyo, na unaomba aliyepita kabla yako alikuwa na akili.

Mpango wa shemeji ulikuwa wa kifundi: sehemu ileile ya Fins & Things, mashine moja baada ya nyingine, dereva yeye, abiria mimi, kisha tunabadilishana.

RZR ilikuwa ya kwanza. Ni injini ya silinda mbili, karibu cc 1,000, isiyo na turbo, yenye nguvu za farasi zipatazo 110, na upana wa sentimita 163. Ukikaa ndani unajisikia nyumbani mara moja. Kila swichi iko pale mkono unapoitafuta, fowili unaiwasha kwa kidole, na yenyewe inapeleka nguvu magurudumu ya mbele pale tu ya nyuma yanapoteleza. Ilipanda kila kitu tulichoielekeza. Shokapu zake ndefu zilimeza ngazi za mawe ambazo kwenye gari la kawaida zingenipigisha kichwa paani. Sikupata la kuilaumu, wala sikupata la kuisimulia sana. Shemeji alisema hiyo ndiyo sifa yake kubwa: ni mashine ambayo kila fundi wa Utah anaijua, kila duka lina spea zake, na kila kifaa cha kuongeza kimetengenezwa kwanza kwa ajili yake.

Maverick X3 ni mnyama mwingine. Can-Am ni tawi la BRP ya Quebec, Kanada, warithi wa Joseph-Armand Bombardier aliyeanzisha Ski-Doo, na injini zao za Rotax hutoka Austria. Hii ina silinda tatu, cc 900, na turbo; toleo kubwa hufika nguvu za farasi 200. Unakaa chini, umelala kidogo, miguu imenyooka mbele. Ukikanyaga mafuta, kuna pumzi fupi ya kusubiri, kisha turbo inaamka na mgongo wako unabanwa kwenye kiti. Kwenye njia ya mchanga iliyonyooka tulicheka kama watoto. Lakini tulipofika kwenye migongo ya mawe, kicheko kikaisha. Kwa kukaa chini vile, na pua ile ndefu mbele, mtu unayapoteza mawe mapema. Kila tulipofika kileleni ilinibidi nisimame nusu, nichungulie, nimwambie shemeji kushoto au kulia. Kwa mtu mwenye haraka ni mashine ya ajabu. Kwa mtu anayetambaa, ni nguvu nyingi isiyo na kazi. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na Moab ina kingo nyingi.

Talon ilikuwa ya mwisho. Honda ilichelewa kuingia kwenye mchezo huu. Talon ilitoka mwaka 2019. Injini yake ya silinda mbili, cc 999, ina undugu na ile ya pikipiki ya Africa Twin, na nguvu zake ni farasi zipatazo 104, yaani ndiyo dhaifu kuliko zote. Kiti chake kiko juu, boneti inashuka, unaliona jiwe mpaka linapokaribia kugusa tairi. Ila tofauti kubwa iko mahali ambapo macho hayafiki.

Hapa inabidi nieleze, kwa kuwa ndipo pesa ya mnunuzi inapopona au kupotea. RZR na X3 hazina giaboksi ya meno ya kubadilisha mwendo kwa namna tunayoijua. Ndani ya kasha la pembeni mna pulei mbili na mkanda mpana wa mpira. Mwendo ukiongezeka, pulei moja inajibana na nyingine inajiachia, mkanda unapanda huku na kushuka kule, na hiyo ndiyo gia yenyewe, bila hatua wala mshtuko. Ni mfumo mwepesi, mlaini, na ukiharibika unabadilisha mkanda porini kwa spana chache. Adui yake ni joto. Ukipanda mwamba taratibu huku umeweka gia ya H ya mwendo badala ya L ya nguvu, mkanda unateleza juu ya pulei, unachemka, unakauka uso, na siku moja unakatika ukiwa umeinamia korongo.

Tulikuta mfano wake siku hiyohiyo. Kundi la vijana lilikuwa limesimama chini ya mwinuko, kasha la bagi yao liko wazi, kampuni naiacha. Hewa ilinuka mpira uliokaangwa. Shemeji aliomba kuushika ule mkanda. Ulikuwa umekatika vipande viwili, na kabla ya pale ulipokatikia kulikuwa na sehemu ya urefu wa kiganja iliyong'aa kama kioo. Alinionyesha kwa kidole: hapo ndipo ulipoteleza bila kusogea, tairi limekwama huku injini inazunguka. Akawauliza walikuwa gia gani. H. Akawasaidia kutoa nyuzi zilizojisokota kwenye pulei, wakafunga mkanda wa akiba, wakaondoka wakiwa kwenye L.

Talon haina mkanda. Ina giaboksi ya gia sita yenye klachi mbili ndani ya mafuta: moja inashika gia za witiri, nyingine za shufwa, kompyuta inabadilishana nazo. Unaweza kuiacha ijibadilishe au kuigonga mwenyewe kwa vidole nyuma ya usukani. Faida yake niliiona tulipokuwa tunashuka. Kwenye mteremko mmoja mrefu wa jiwe tupu, shemeji aliondoa mguu kwenye mafuta, akaacha gia ya kwanza ishike, tukashuka mdogo mdogo bila yeye kugusa breki mpaka karibu na chini. Zile za mkanda tulizokodi, mahali palepale, mguu wa breki haukupumzika. Hasara yake ni kwamba Honda inakupa hatua: unasikia gia zikiingia na kutoka, na kwenye mwendo wa kasi haitiririki kama zile nyingine. Pia tangi lake ni dogo, lita 27 na ushei, wakati RZR inachukua 36 na X3 takribani 40. Jangwani hilo si jambo dogo.

Tungeishia hapo, hukumu ingekuwa rahisi. Lakini shemeji hakuwa na nia ya kuishi juu ya jabali tu, kwa hiyo tuliitafutia kila mashine mahali pa kuiumbua.

Milimani, Honda iliumbuka. Tulipanda kuelekea Geyser Pass kwenye milima ya La Sal, zaidi ya mita 3,000, mahali ambapo miti ya misonobari ilikuwa bado imesimama kwenye theluji. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kadiri hewa inavyopungua; mafundi huhesabu kama asilimia 3 kwa kila mita 300. Juu kule Talon ilikuwa imebaki na pumzi ya kama theluthi mbili, na RZR nayo vilevile. X3, inayosukumiwa hewa na turbo, haikujua kama tumepanda.

Kwenye vilima vya mchanga vya White Wash, kaskazini-magharibi mwa Moab, X3 ilitawala tena. Mchanga unataka nguvu isiyokatika. Ukipunguza katikati ya mlima wa mchanga, umezama. Ndiyo maana mashine za Can-Am zilitamba miaka mingi katika mashindano ya Dakar kwenye daraja la bagi hizi, hadi Polaris ilipolichukua mwaka 2024. Na ndiyo maana Mswahili aliyeko Ghuba, akienda kukodi bagi kwenye mchanga mwekundu wa Lahbab nje ya Dubai, mara nyingi atapewa X3 au RZR ya turbo. Huko ndiko kwao.

RZR ilikuwa haishindi popote wala haikwami popote. Wapo watakaoona hiyo ni kasoro. Mimi naona kwa mtu asiyejua bado atakwenda wapi, hilo ndilo jibu.

Kabla ya kuondoka tulizungumza na watu wa pale, na si wote wanaozipenda bagi. Mwaka 2021 mji wa Moab ulipitisha sheria ndogo za kelele baada ya wakazi kulalamika kwamba hawalali wala hawakai barazani. Mwaka 2023 serikali kuu, kupitia idara yake ya ardhi ya umma, ilifunga zaidi ya kilomita 500 za njia upande wa Labyrinth Canyon. Hifadhi za Arches na Canyonlands, zilizo karibu kabisa, haziruhusu bagi hata kwa dakika moja. Na kuna udongo. Kando ya njia utaona ardhi nyeusi yenye vinundu, kana kwamba imeungua. Huo ni udongo hai, umeshikwa na vijidudu na kuvu na kuvumwani, ndio unaozuia jangwa lisipeperuke. Tairi moja likipita juu yake, huchukua miongo kurudi. Kwa hiyo swali la bagi ipi linafuatana na swali la kelele kiasi gani. Hapo mashine zilizokodishwa zikiwa na ekzosi za kiwandani zote zilivumilika. Wanaoudhi watu ni wale wanaofika nyumbani na kuanza kutoboa ekzosi.

Tuliporudi Salt Lake City, dada alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sisi wawili hatukuwa tumelitamka.

"Watoto wangu watakaa wapi?"

Zote tatu tulizokodi zilikuwa za watu wawili. Kila kampuni inazo za watu wanne, lakini hizo si mashine zilezile zilizoongezwa viti. Kwa RZR na Talon, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma hutoka kama mita 2.3 hadi karibu mita 3. Faida ni kwamba ukipanda mwinuko mkali haitaki kupinduka kinyumenyume. Hasara ni kwamba tumbo linagusa kilele cha jiwe na kona zinakuwa kubwa. Tena kuna sharti ambalo wenye maduka wengi hawalisemi mpaka uulize: mtoto lazima akae mgongo umegusa kiti, miguu miwili imekanyaga sakafu, na mkono umefikia kishikio. Umri hautoshi, ni urefu. Utah inamtaka pia kila aliye chini ya miaka 18 avae kofia ngumu. Dada aliwapima watoto kwa futi ya mshonaji. Mkubwa alifaulu, mdogo atasubiri.

Baada ya hapo tulizunguka kwenye maduka ya mtumba na ya mpya, na hapo nikamwona shemeji akiwa kazini. Kwanza aliomba namba ya chesisi na kuitafuta kwenye orodha za mashine zilizoitwa zirudishwe kiwandani. Hilo si la kupuuza. Aprili 2016 Polaris iliita RZR zaidi ya 133,000 kwa hatari ya kushika moto, na mwaka 2018 ikakubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 27.25 kwa kuchelewa kutoa taarifa za kasoro. Can-Am na Honda nazo zimewahi kuita bagi zao. Mashine iliyoitwa na ikatengenezwa ni mashine nzuri; iliyoitwa na mwenyewe hakuipeleka, unaiacha hapohapo.

Kisha alifungua kasha la filta ya hewa, akapitisha kidole upande wa ndani, ule wa kuelekea injini, na kukitazama juani. Bagi moja nzuri sana kwa rangi, yenye taa za kila aina, ilimwachia vumbi jekundu kwenye ncha ya kidole. Alimshukuru muuzaji kwa adabu zote na kufunga kasha. Vumbi likishapita filta, alinieleza nje, limekwisha kuwa msasa ndani ya silinda. Kwenye nyingine alishika tairi juu na chini, akalitikisa asikilize bushi na boljointi. Akalala chini atazame buti za mpira kwenye ekseli kama zimepasuka. Akamulika rejeta aone kama matope yamekaukia kwenye mapezi. Mita ya kilomita aliitazama mwisho, na pembeni yake mita ya saa. Kilomita chache na saa nyingi maana yake mashine ilitambaa na kuchemka. Kilomita nyingi na saa chache maana yake ilikimbizwa. Hakuna lililo baya peke yake, ila lazima lilingane na simulizi ya muuzaji.

Bei nazo zina maneno yake. RZR na Talon mpya za wakati tulipotafuta zilicheza karibu na dola 20,000, X3 ikaanza juu kidogo na kupanda haraka kadiri unavyotaka farasi. Wakubwa wa siku hizi, kama Maverick R yenye farasi 240 au RZR Pro R yenye 225, wakati huo walianzia eneo la dola 30,000 na kwenda juu. Juu ya bei ya kibandiko kuna usafirishaji, ada ya kuiunganisha, kodi, usajili, bima, tela, kofia ngumu za familia nzima na mikanda ya kufungia. Dada alijumlisha hayo yote kwenye karatasi moja kabla ya mtu kusaini chochote, na jumla yake ndiyo iliyoamua kwamba itakuwa ya mtumba.

Walinunua Talon ya watu wanne iliyotunzwa na mzee mmoja aliyekuwa akiandika kila alipobadilisha mafuta. Shemeji alikuwa ameipenda X3 kwa moyo, lakini akili ilimwambia kwamba wikendi zake nyingi zitakuwa juu ya mawe, mwendo wa kutembea, na mke na binti nyuma. Kwa kazi hiyo, gia isiyoungua na kiti kinachoona jiwe ni bora kuliko farasi mia mbili. Angekuwa anaishi karibu na mchanga, ningemwambia achukue Can-Am bila kusitasita. Angekuwa mbali na duka la Honda, Polaris ndiyo ingekuwa jibu, kwa sababu mashine isiyo na spea jirani ni pambo la uani.

Na wewe msomaji wa Afrika Mashariki unayeziona kwenye simu na kuzitamani, sikia neno la mtu aliyezikalia. Hizi ni mashine za pili, za mtu ambaye tayari ana gari la kwenda kazini na gari la kuivuta. Barabarani kwetu hazina mahali, mvua ikinyesha mnaloa, na mkanda mmoja ukikatika Same au Isiolo utausubiri kutoka ng'ambo. Kwa pesa ileile Jimny au Land Cruiser ya mkonga itakupeleka shambani, hospitali na porini. Lakini ikiwa una shamba lako, una nafasi, na umeshaamua, basi fanya hivi: andika kwanza utakwenda wapi siku tisa kati ya kumi, andika nani atakaa na wewe, tafuta fundi aliye karibu anajua kufungua ipi, kisha ukodi hiyo na wapinzani wake uzipeleke mahali pabaya. Nguvu za farasi ziulize mwisho.